Ufa wa Kwenye Kompyuta

Msikilizaji, leo naanza na jelatini. Katikati ya miaka ya 1950 wanasayansi wawili wa Marekani, King Hubbert na David Willis, walijaza jelatini kwenye chupa laini ya plastiki, wakachomeka kijibomba ndani yake kuwa kisima, wakaibana chupa ubavuni, kisha wakasukuma uji wa plasta. Ni plasta ile ile anayofungiwa mtu aliyevunjika mguu. Jelatini ikapasuka, uji ukajaa ndani ya ufa, ukakauka. Walipoiondoa jelatini, mkononi wakabaki na ufa wenyewe, mgumu, wa kushikika. Ulikuwa umesimama wima.

Kulikuwa na ubishi siku hizo. Mwaka 1947 kampuni ya Stanolind ilijaribu kupasua mwamba katika kisima kimoja cha gesi huko Hugoton, jimbo la Kansas, na tangu hapo mafundi wa mafuta walikuwa wakisukuma vimiminika chini ya ardhi kwa nguvu ili kuifungulia gesi njia. Wengi wao waliamini kwamba ufa hulala, ukiyainua matabaka yote yaliyo juu yake. Hubbert na Willis, katika makala yao ya 1957, walisema sivyo. Ufa hufunguka kuelekea upande ambako mwamba unasukumwa kwa nguvu ndogo kuliko pande nyingine zote. Ukiwa umebanwa kwenye daladala saa kumi na mbili jioni, kiwiko chako hakihangaiki na jamaa mwenye kifua kipana; kinajisogezea kwa yule mwembamba. Huko chini, kilomita mbili au tatu, uzito wa matabaka ya juu kwa kawaida ni mkubwa kuliko msukumo wa ubavuni. Kwa hiyo ufa husimama.

Nimeitaja chupa hiyo kwa sababu ndiyo babu wa mada yetu: programu za kompyuta zinazoiga upasuaji wa miamba kwa maji, hasa ule mwamba unaoitwa sheili. Sheili ni tope la kale. Chembe zake ni ndogo mno, zimekandamizwa kwa mamilioni ya miaka, na ndani yake mabaki ya viumbe yamegeuka gesi na mafuta. Gesi imo, tena nyingi, ila vitundu inamokaa vinapimwa kwa nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Tena vitundu hivyo havijaungana vizuri. Ukitoboa kisima na kungoja gesi ije yenyewe, utangoja hadi uzeeke.

Ndiyo maana wachimbaji hushuka wima, halafu huko chini hukikunja kisima kikaenda mlalo kilomita moja, mbili au zaidi, kisha hupiga pampu za kutisha. Maji yenye mchanga na kemikali chache huingizwa kwa shinikizo ambalo mwamba hauwezi kulistahimili. Kwa mujibu wa taasisi ya jiolojia ya serikali ya Marekani, kisima kimoja kinaweza kutumia kuanzia lita kama milioni 6 hadi milioni 60. Maji hupasua, mchanga hubaki ndani ya ufa kuuzuia usijifunge, gesi hupata pa kupitia.

Sasa, ni nani anayeuona ufa huo? Hakuna. Mhandisi amekaa juu, ndani ya gari lililojaa skrini, na anachokijua kwa hakika ni shinikizo la pampu, kiasi cha maji na mchanga alichoingiza na, baada ya miezi, kiasi cha gesi alichopata. Urefu wa ufa, kimo chake, upana wake, na kama ni mmoja au mia, vyote hivyo inabidi avikokotoe. Hapo ndipo kompyuta inapoingia.

Hesabu yenyewe ina utamu wake, na pia ina ukorofi. Maji yakisukumwa, ufa hupanuka. Ufa ukipanuka, maji hupita kwa urahisi zaidi, na urahisi huo haukui taratibu: unakwenda kwa mchemraba wa upana. Maana yake, ukipunguza upana wa ufa kwa nusu, maji yanayopita kwa shinikizo lile lile hayapungui kwa nusu, yanapungua mara nane. Na upana tunaouzungumzia ni milimita chache, pengine chini ya hapo, ilhali urefu ni mamia ya mita. Wakati huo huo, maji mengine yanavujia kwenye kuta za ufa na kupotea, na kule kwenye ncha mwamba unaamua kama utaendelea kuvunjika au utagoma. Kila kimoja kinategemea vingine, na vyote vinabadilika kila sekunde. Ukikosea kidogo kwenye upana, ule mchemraba unakuza kosa lako.

Waliotangulia kuzikokotoa hesabu hizi hawakuwa na kompyuta za maana. Mwaka 1955 Khristianovich na Zheltov, huko Urusi ya Kisovieti, waliandika modeli yao. Mwaka 1961 wakafuata Perkins na Kern, Marekani. Mwaka 1969 Geertsma na de Klerk. Mwaka 1972 Nordgren. Ili milinganyo itatulike kwa kalamu na karatasi, wote walikubaliana juu ya kitu kimoja: ufa ni mmoja, bapa, na una mabawa mawili yanayolingana, moja kushoto mwa kisima na jingine kulia. Kilikuwa kirahisisho cha lazima, na kwa mawe ya mchanga kilifanya kazi vizuri tu. Tatizo ni kwamba kirahisisho kikikaa muda mrefu watu huanza kukiona kama ndio mwamba wenyewe. Miaka ikaenda, kompyuta zikaja, picha zikapakwa rangi nyekundu na bluu, zikaweza kuzungushwa kwenye skrini. Ndani yake bado ulikuwemo ule ufa mmoja bapa wa mwaka 1955.

Hapa nitoke kidogo niingie Texas. George Mitchell, mtoto wa mhamiaji kutoka Ugiriki, alianza kuuchokonoa mwamba wa sheili unaoitwa Barnett, karibu na mji wa Fort Worth, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Miaka ikapita anatia fedha na hapati faida ya maana. Mazoea ya mafundi yalisema: tumia kimiminika kizito, chenye gundi, kitakachoupanua ufa na kuubeba mchanga mbali. Ni ushauri unaokubaliana kabisa na ule ufa mmoja bapa. Lakini gundi ni ghali. Mhandisi wake mmoja kijana, Nick Steinsberger, akaamua kujaribu kinyume: maji mepesi, karibu matupu, na dawa kidogo ya kupunguza msuguano ndani ya bomba. Wakubwa wake wengine waliguna. Mwaka 1998 kisima kimojawapo cha majaribio hayo kikatoa gesi kuliko vile vya gundi, na kikaendelea kutoa. Mwanzoni mwa 2002 kampuni ya Devon ikainunua kampuni ya Mitchell kwa zaidi ya dola bilioni 3, ikaunganisha maji yale mepesi na visima vya mlalo, na yaliyofuata yaligeuza biashara ya gesi ya dunia nzima.

Ninachotaka ukione hapa, msikilizaji, ni kwamba hakuna kompyuta iliyomwambia Steinsberger afanye alivyofanya. Sababu kubwa ya jaribio lake ilikuwa kubana matumizi. Kwa hesabu za ufa mmoja, maji mepesi yalipaswa kuwa hasara, maana hayaupanui sana ufa na mchanga unazama upesi. Mwamba wa Barnett haukuwa na habari na hesabu hizo.

Sababu ya maji mepesi kufaulu ilianza kujitokeza pale mafundi walipoteremsha vipaza sauti nyeti katika visima vya jirani na kusikiliza vitetemeko vidogo mno vinavyotokea mwamba unapopasuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walichora ramani za vitetemeko hivyo kule Barnett. Kwa modeli ya ufa mmoja, vingepangika kwenye mstari. Havikupangika. Vilitawanyika kama wingu pana, kushoto, kulia, huku na huko. Mwamba ule una nyufa za kale zilizozibwa na madini ya chokaa, na maji mepesi yalikuwa yakizifumua.

Wakosoaji walikuwa na hoja. Kitetemeko ni sauti tu, walisema. Kinaweza kutokea mahali ambako maji hayakufika. Basi njia ya kumaliza ubishi ikabaki moja, nayo ni ghali: kuchoronga upya, kuupita mwamba uliokwisha kupasuliwa, na kuleta juu vipande vyenyewe. ConocoPhillips walifanya hivyo katika mwamba wa Eagle Ford, kusini mwa Texas, wakatangaza matokeo yao mwaka 2017. Mradi mwingine, uliopata fedha za Wizara ya Nishati ya Marekani, ulifanya hivyo katika wilaya ya Reagan, magharibi mwa Texas. Kutoka Reagan walipandisha karibu mita 180 za vipande vya mwamba. Humo wakahesabu nyufa zilizosababishwa na maji: zaidi ya 700.

Mia saba, msikilizaji. Wakati modeli nyingi zilikuwa zikichora ufa mmoja kwa kila kundi la vitundu vya kisima, huko chini nyufa zilikuwa zimekwenda kwa mafungu, nyingine zimebanana, nyingine zimepinda kwenye mipaka ya matabaka. Na ule mchanga uliogharimiwa kwa maelfu ya tani, ndani ya nyufa nyingi haukuonekana sana.

Wakati huo huo mtu mmoja alikuwa ameshafika karibu na hapo kwa kalamu. Zdeněk Bažant, profesa wa Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, ni bingwa wa kuvunjika kwa zege. Napenda kwamba swali hili lilimwangukia mtu wa zege, kwa sababu watu wa zege hawana ndoto ya ufa ulionyooka. Alianza na gesi yenyewe: ikiwa gesi husafiri polepole namna hii ndani ya sheili, na kisima kinatoa kiasi hiki kwa mwaka, basi nyufa lazima ziwe zimekaribiana kiasi gani? Jibu lake na wenzake, mwaka 2014, lilikuwa kama sentimita 10. Ila hapo ndipo fumbo lilipoanza. Modeli za kawaida, ukiziwekea nyufa zilizokaribiana namna hiyo, zinagoma: ufa mmoja unatangulia, unaubana mwamba wa pembeni, na jirani zake wanajifunga. Mwaka 2019 yeye na wenzake, pamoja na watafiti wa maabara ya Los Alamos, walitoa maelezo kwamba inabidi modeli ihesabu pia maji yanayopenya ndani ya mwamba na kuusukuma kutoka ndani, na ihesabu zile nyufa za kale zilizozibwa, ambazo ni dhaifu kuliko mwamba unaozizunguka. Ukiviingiza hivyo, ufa unaanza kutoa matawi.

Utadhani basi kila kampuni ilitupa modeli ya zamani. Hapana, na mimi siwalaumu. Modeli yenye kila tawi inahitaji kompyuta kubwa na siku nyingi, na inataka kuambiwa nyufa za kale ziko wapi, kitu ambacho hakuna anayekijua kwa kila mita. Modeli nyepesi inatoa jibu kabla chai haijapoa, na mhandisi ana pampu zinazomngoja. Anachofanya ni kuisawazisha: anabadilisha nambari asizozijua, kiasi cha maji yanayovuja, ugumu wa ncha, mkazo wa ubavuni, mpaka mchoro wa shinikizo unaotoka kwenye kompyuta ufanane na ule uliotoka kwenye pampu. Kisha anasema modeli imethibitishwa.

Neno hilo ndilo linalonikera. Michoro miwili kufanana haitoshi. Unaweza kuwa na modeli ya ufa mmoja mrefu na modeli ya nyufa kumi fupi, zote zikatoa mchoro ule ule wa shinikizo, kila moja na nambari zake za siri. Moja itakwambia chimba kisima cha pili mita 400 kutoka hapa. Nyingine itakwambia hata 200 zinatosha. Kabla ya kuisawazisha modeli kuna vipimo vya kweli vinavyoweza kufanywa. Kimoja ni rahisi: unasukuma maji kidogo tu, unazima pampu, unaangalia shinikizo linavyoshuka kwa saa nyingi, ufa ukijifunga, unaujua mkazo wa ubavuni. Lakini saa hizo nyingi ni fedha, na mara nyingi ndicho kipimo cha kwanza kufutwa.

Matokeo yake yaliwahi kuonekana hadharani. Mwaka 2019 kampuni ya Concho, katika mradi iliouita Dominator, ilichimba visima 23 vilivyokaribiana katika bonde la Delaware, kule Texas Magharibi na New Mexico. Visima vilinyang'anyana mafuta. Kampuni ilipokiri mwezi Agosti kwamba iliviweka karibu mno, hisa zake zilianguka zaidi ya asilimia 20 kwa siku moja. Sidai kwamba kosa lilikuwa la programu. Umbali kati ya visima huamuliwa na mameneja, na mameneja wana wenye hisa mgongoni. Ila umbali huo ndio hasa swali ambalo modeli hutengenezwa kulijibu.

Hasara ya wenye hisa ni jambo moja. Uingereza suala lilikuwa la watu waliolala majumbani mwao. Mwaka 2011 kampuni ya Cuadrilla ilipasua sheili katika eneo la Preese Hall, karibu na Blackpool, mkoa wa Lancashire, na matetemeko mawili yakatokea, la ukubwa wa 2.3 na la 1.5. Madogo, ndiyo, lakini yalisababishwa na watu. Kazi ikasimama. Baadaye serikali ikaweka utaratibu wa taa za barabarani: tetemeko likifika 0.5, taa nyekundu, zima pampu, ngoja saa 18. Kampuni ikarudi kivingine, eneo la Preston New Road, na safari hii ilikuwa na picha bora za chini ya ardhi, vipimo vya kutosha, na modeli za kukadiria tetemeko kubwa linaloweza kutokea.

Upasuaji ulianza Oktoba 2018. Kisima cha pili kikaanza Agosti 2019. Tarehe 26 Agosti, siku ya mapumziko, likatokea tetemeko la 2.9, kubwa kuliko yote. Pampu zilikuwa zimezimwa siku kadhaa nyuma. Taa za barabarani hazina namna ya kumsimamisha dereva ambaye ameshaegesha gari. Mpasuko wa kale ulioteleza haukuwa umetambuliwa mapema kwenye zile picha bora. Modeli ingewezaje kuuhesabu mpasuko ambao hakuna aliyeuweka ndani yake?

Novemba mwaka huo serikali ilisimamisha upasuaji wote Uingereza, kwa msingi wa ripoti ya mamlaka yake ya mafuta na gesi, iliyosema kwamba kwa sasa haiwezekani kutabiri kwa usahihi uwezekano wala ukubwa wa matetemeko ya namna hiyo. Mwaka 2022 waziri mkuu Liz Truss aliondoa marufuku hiyo mwezi Septemba. Mrithi wake, Rishi Sunak, akairudisha Oktoba. Wanasiasa walibadilika mara mbili ndani ya wiki chache, mwamba ulikuwa ule ule. Kwa maoni yangu ripoti ile ni moja kati ya hati chache za serikali zilizotamka wazi mahali hesabu inapoishia, na ningependa zingekuwa nyingi.

Pengine unajiuliza sisi huku Tanzania tunahusikaje. Gesi yetu ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuja Dar es Salaam mwaka 2004, imo kwenye mawe ya mchanga, hali kadhalika ile ya Mnazi Bay; inatoka bila vurugu za namna hii. Lakini gesi ya sheili ya Marekani ilianza kusafirishwa kwa meli ikiwa kimiminika kutoka Louisiana Februari 2016, na kufikia 2023 Marekani ilikuwa muuzaji mkubwa kuliko wote duniani wa gesi ya kimiminika. Mradi wa gesi ya kimiminika wa Lindi unaozungumzwa miaka yote hii, siku ukisimama, utakutana sokoni na gesi iliyotoka kwenye nyufa za akina Mitchell. Ukisikia bei ya gesi duniani imeshuka, jua kuna sheili ndani yake.

Na hesabu zenyewe zimeanza kuhama kazi. Karibu na mji wa Milford, jimbo la Utah, Chuo Kikuu cha Utah kinaendesha kituo cha utafiti kiitwacho FORGE, kwa fedha za Wizara ya Nishati. Mwamba wa pale ni matale magumu yenye joto la zaidi ya nyuzi 200, hayana gesi, wala hayana maji ya kutosha kama yale yanayopanda yenyewe kule Olkaria, Kenya. Wazo ni kupasua, kupitisha maji baridi upande mmoja na kuyatoa ya moto upande wa pili, ili mvuke uzungushe mitambo ya umeme. Aprili 2022 walipasua mwamba kutoka kisima cha kwanza. Walisikiliza vitetemeko, wakaendesha modeli zao, zile zile zilizolelewa kwenye sheili, halafu mwaka 2023 wakachimba kisima cha pili, karibu mita 100 juu ya cha kwanza, kikipita katikati ya mahali ambako nyufa zilitarajiwa kuwepo.

Huo ni mtihani ambao hauna kusawazisha nambari baadaye: ama maji yanavuka kutoka kisima hiki hadi kile, ama hayavuki. Mwanzoni yalivuka kidogo. Baada ya upasuaji mwingine mwaka 2024, sehemu kubwa ya maji yaliyosukumwa upande mmoja yalitokea upande wa pili, ya moto. Data za visima hivyo, shinikizo, vitetemeko, sampuli za mwamba, zimewekwa wazi kwenye intaneti kwa yeyote anayezitaka. Mwanafunzi wa jiolojia Dodoma au mhandisi wa Naivasha anaweza kuzipakua usiku huu, akaendesha modeli yake mwenyewe, na kuwaandikia watu wa Utah kuwaambia ni wapi ufa wao hauendani na vipimo vyao.